Uji Ambao Hakuna Aliyeupokea

Wawira, mama yangu,

Wewe na mama yako mmeshuka sokoni Runyenjes kutafuta sufuria ya tatu, na kwa jinsi mama yako anavyopatana bei, najua nina mchana mzima. Nimekaa sebuleni katikati ya mizigo yako: sufuria mbili kubwa zilizofungwa kamba, ubao wa chapati, gunia la ndengu, na jiko jipya ambalo bado lina karatasi ya dukani. Kesho vyote vinaelekea Nchiru, na wewe pamoja navyo, ukafungue kibanda uwapikie wanafunzi wa watu. Habari za kufunga mlango kwa kufuli mbili, na za wanafunzi wanaokula kwa ahadi, sitaziandika. Hizo mama yako atakuambia kesho asubuhi, kisha atakupigia simu ukiwa njiani akuambie tena.

Mimi nina jambo moja, na nimelikalia wiki mbili. Cheti chako cha afya cha kupika hakikucheleweshwa na karani aliye likizo. Hakuna karani aliye likizo. Mimi ndiye niliyekizuia. Choo ulichonipa nikupimie kimeota bakteria wa homa ya matumbo, hiyo tunayoiita taifodi. Mara ya kwanza nilijiambia nimechanganya chupa. Nikakuomba nyingine, nikasema ile ilimwagika. Nikakuomba ya tatu, ukacheka, ukaniuliza hizo chupa nazipeleka wapi. Zote tatu zimeota kitu kimoja.

Huumwi. Soma hapo mara mbili. Huna homa, tumbo lako ni zima, na leo asubuhi umenishinda kula viazi. Lakini ndani yako kuna wapangaji, na ukiwapikia watoto wa Nchiru bila kujua, yuko mmoja ambaye wapangaji hao wakiingia kwake hawatakaa kwa amani. Ndiyo maana siwezi kukuacha uondoke kesho na kimya changu. Jambo kama hili nimewahi kulinyamazia, na nimewahi kulisema, na mara zote mbili nilikosea. Nataka ujue makosa yote mawili kabla hujaamua utafanya nini.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia Kiswahili, sisi ambao hapa nyumbani hata mbwa tunamfokea kwa Kiembu. Kwa Kiembu nililisema jambo hili mara moja tu, mbele ya watu, na tangu siku ile nikitaka kulisema tena kwa lugha hiyo nageukia habari nyingine.

Nianze na kaka yako. Unajua kwamba Nyaga alikufa kwa taifodi mwaka wa mvua za El Niño akiwa na miaka saba, na kwamba wewe ulikuwa na mitatu, ukaugua pamoja naye, ukapona. Hivyo ndivyo tulivyokuambia. Ni kweli, ila ni fupi mno.

Alianza na kichwa, kisha homa iliyopanda kidogo zaidi kila jioni. Barabara ilikuwa tope tupu, tukambeba mgongoni mimi na baba yako mkubwa Ireri mpaka penye lami, tukipokezana. Wodini aliniuliza kila siku kama mbuzi wake amezaa. Wiki ya tatu akaomba ndizi ya kuchoma, nami nikatoka nje kumtafutia nikiwa na furaha ya kijinga, kwa sababu mgonjwa akiomba chakula sisi huwa tunahesabu amepona. Siku iliyofuata tumbo lake likawa gumu kama ubao. Mimi ni mtu wa maabara. Nilijua maana ya tumbo gumu kabla daktari hajafungua mdomo.

Daktari wa upasuaji alinieleza baadaye, akichora kwa kalamu nyuma ya faili. Bakteria hujipenyeza kwenye ukuta wa utumbo, na mwili ukiwatambua unatuma nguvu zake zote pale. Ukuta unavimba, unawaka, unachimbika vidonda, na mwisho unaweza kutoboka. Alisema sehemu kubwa ya moto ule huwashwa na mwili wenyewe ukijitetea. Alikuwa kijana mpole na alidhani ananifariji. Nimeuona mchoro ule mara nyingi kuliko nilivyoliona kaburi, Wawira. Nikifunga macho kanisani nauona. Mtoto wangu alijitetea kwa nguvu zake zote, na huko kujitetea kukamtoboa.

Sasa cucu yako, mama yangu, mwenye jina lako. Wewe humkumbuki vizuri. Unakumbuka harufu ya moshi kwenye leso yake, uliniambia hivyo siku moja nikatoka nje nikijifanya naangalia mvua. Mama alikuwa mtu wa afya. Hakuwahi kulala hospitali hata usiku mmoja. Alichuma kahawa kuliko wakaza wana wake, na bado akarudi kuwapikia. Nyaga alikula kwake karibu kila siku, maana shule ilikuwa upande ule wa shamba. Na uji wake wa kuchacha ulijulikana hata ng'ambo ya mto. Unajua desturi yetu: anayemimina uji huonja kwanza mbele ya mgeni, ndipo ampe, ili mgeni aone hauna kitu. Mama alionja vizuri. Alipiga fundo moja refu, macho amekukazia wewe, kisha akakukabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

Kwa sumu, hiyo ni desturi nzuri, kwa sababu sumu inamkamata anayeonja kama inavyomkamata anayepewa. Bakteria hawa hawafanyi hivyo. Kwa mama walikuwa wamekaa kwenye kifuko cha nyongo, pengine tangu ujana wake. Hawakumvimbisha, hawakumchoma. Mwili wake uliwaacha waishi, kama vile wangu na wako unavyoacha mamilioni ya bakteria wengine wakae utumboni tangu siku tulipozaliwa, na wengi wao tunawahitaji. Hawa wake walitoka kidogo kidogo kwa choo, siku mkono usipopata sabuni wakafika kwenye chakula, na chakula kikafika kwa Nyaga na kwako. Walewale waliokuwa wametulia kwake wakawasha moto kwa mtoto. Mama angeonja mara kumi na asingeonja uongo hata mara moja, na bado kuonja kwake kusingetuambia kitu.

Wiki moja baada ya mazishi ndugu walikusanyika hapa nyumbani. Ireri, kaka yangu mkubwa, ndiye aliyeongoza. Walitaka kujua kwa nini ugonjwa ule uliingia kwetu tu, na nyumba za jirani zinachota maji mtoni kama sisi. Nikasimama na koti langu la maabara, nikaeleza kwamba nimepima watu wote wa boma na nimeona bakteria kwa mama, na kwamba mtu anaweza kuwabeba bila kuumwa. Nilieleza vibaya, kama mtu anayesomea wengine karatasi.

"Hayo ya hospitali sisi hatuelewi, Njeru," Ireri akasema. "Wewe sema tu. Hiyo kitu ilitoka kwa mama ama haikutoka?"

"Ilitoka kwake."

"Na yeye mwenyewe haimfanyi kitu?"

"Haimfanyi kitu."

Nikakaa chini. Nilidhani nimewafundisha, kumbe nimetoa ushahidi. Hebu fikiria walichosikia: kuna mwanamke ana kitu mwilini, yeye hakimdhuru, na kinaua watoto kupitia chakula cha mkono wake. Huku kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa na jina kabla maabara hazijafika. Hakuna aliyelitamka. Mama alikuwa ameketi mlangoni, wewe uko mapajani mwake, na shangazi yako mmoja akainuka polepole akaja akakuchukua.

Jioni mama alinifuata kwenye zizi la mbuzi.

"Njeru, nimemfanyia nini mtoto?"

"Hujamfanyia kitu, mama. Ni vidudu tu."

"Viko wapi? Nionyeshe."

"Havionekani kwa macho."

"Mbona basi pale ndani wote waliviona?"

Nikaendelea kufunga mbuzi.

Nilimletea dawa za mwezi mzima. Alizimeza zote, moja asubuhi na moja jioni, na alikuwa akiniita nije nishuhudie akimeza. Nikampima mara tatu, wiki zikipishana, na mara zote tatu sahani za kuoteshea bakteria zilikuwa safi. Nilimwambia. Nilimwambia Ireri pia, na mama yako, na kila aliyekuwa kwenye kikao kile. Walinisikiliza, wakaitikia kwa kichwa, na hakuna aliyerudi kula kwake.

Halafu ikaja siku ya kupokea wakwe kwa Ireri. Watu walikuwa wengi, wameketi kwenye viti vya kuazima chini ya turubai. Mama alitoka nyumbani kwake amevaa gauni la kanisani, amebeba uji wake. Nadhani aliamini kwamba mbele ya wageni aibu itawashika watu wake. Akamimina. Akaonja, lile fundo refu, macho amemkazia mzee wa kwanza, kisha akanyoosha kibuyu kwa mikono miwili. Mzee akasema ameshiba. Mama akaonja tena, akasogea kwa anayefuata. Huyo akawa anaongea na jirani yake, hakugeuka. Akaonja tena. Alikwenda hivyo mstari mzima, Wawira, akionja na kunyoosha, akionja na kunyoosha, mpaka akafika kwangu.

Mimi nilijua. Pale chini ya turubai nilikuwa mtu pekee aliyejua kwa uhakika kwamba mama ni safi, kwa maana nilimsafisha mwenyewe na nilimpima mwenyewe. Ningenyoosha mikono tu. Lakini Ireri alikuwa ananitazama, na wakwe walikuwa wananitazama, nami nikaangalia viatu vyangu. Mama akaunywa uji mwenyewe wote, akiwa amesimama. Nilisikia koo lake likimeza. Akarudi nyumbani kwake bila kuharakisha.

Aliishi miaka miwili baada ya hapo. Alipika chungu kidogo cha mtu mmoja, akachota maji yake, akaosha vyombo vyake. Nikienda kumsalimu hakunikaribisha hata chai, nami najua hakuwa ananinyima. Alikuwa ananiepusha na kukataa. Hadi leo nikiwa peke yangu jikoni, nikisikia mtu akimeza kitu, nageuka. Mama yako anadhani ni masikio ya uzee. Na nyinyi mnaniita Mzee Sabuni, kwa jinsi ninavyoweka sabuni kila pembe ya boma hili, nami nacheka pamoja nanyi kwa sababu ni rahisi kuliko kueleza.

Mwisho wa kosa langu ungekuwa hapo, ningekuwa nimekuambia zamani. Kuna lingine, na hili hakuna mtu aliye hai anayelijua.

Kwenye kikao nilisema nimepima boma zima baada ya msiba. Si kweli. Nilipima miezi minne kabla. Tulikuwa tumepata vifaa vipya kazini na nilitaka kujizoeza mkono, basi nikawagawia watu wa nyumbani chupa, nikasema ni kipimo cha minyoo. Ya mama ikaota makoloni, yaani vishada vya bakteria, yasiyo na rangi yenye kidoa cheusi katikati. Nikampelekea mkuu wangu wa maabara, mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu, mtu mtaratibu sana. Akaitazama kwa muda mrefu, akaweka tone la dawa, akatikisa kioo, chembe zikashikana kama zinavyofanya za taifodi.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Ni mama."

"Ana homa? Tumbo?"

"Hana kitu. Jana alikuwa anapalilia."

"Basi huyo si mgonjwa, ni carrier, anabeba tu. Kuna dawa. Ongea na yeye, Njeru, na mapema. Asishike chakula ya watoto mpaka amalize."

Nikasema ndiyo. Nilifika nyumbani siku ile nikamkuta mama anamenya viazi. Na nikashindwa. Mwanamume aliyetahiriwa haingii kwa mama yake kumwambia habari za choo chake. Haiwezekani, hata maneno yenyewe hayapo. Nilifikiri nimtume mama yako, nikaona wakaza wana na mama wakwe tayari wana mambo yao. Nilifikiri nimtume dada yangu, naye yuko mbali. Nikasema nitangoja aje likizo ya Desemba. Heshima, Wawira. Nilimheshimu mama yangu mpaka mtoto wangu akafa. Na alipokufa, nikashikwa na hofu kwamba mtu atagundua nilijua, ndipo nikasimama haraka mbele ya ndugu nikamtaja yeye. Hayo mafundisho yangu ya siku ile yalikuwa mahali pa kujificha. Mkuu wangu wa maabara alikuja kutoa pole, akanishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, akaniangalia, kisha akaaga. Naye amekwisha kufa.

Na wewe. Kila mtu aliyeugua taifodi hupimwa tena akishapona, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Mimi niliyewapima watoto wa watu wote wa tarafa hii sikukupima wewe. Miaka ishirini. Nilikuona unakua, unapeleka chai kwa wachumaji, unakwenda bweni, unarudi, na kila mwaka nilisema mwaka ujao. Niliogopa hasa hiki nilichokiona juzi. Umepewa jina la mama yangu, nami nilikuwa nakutazama kama mtu anayengoja kuitwa mahakamani. Kama umewahi kuona nakukwepa, ni hilo. Halikuwa kosa lako hata kidogo.

Najua utafanya nini ukifika hapa. Utaanza kuwataja mmoja mmoja: yule mwenzako wa bweni aliyerudishwa nyumbani na homa, mtoto wa jirani, yule kijana wa kupalilia. Mimi nimeshawapitia wote, na nakuomba usinifuate huko. Homa zina sababu nyingi huku kwetu na hakuna anayeweza kukujibu sasa. Nimetembea njia hiyo miaka mingi na sijakutana na mtu yeyote huko isipokuwa mimi mwenyewe.

Kubeba si kuugua, na kubeba si kutenda. Mama yangu alistahili kuambiwa hivyo na mwanawe, faraghani, siku aliyokuwa anamenya viazi. Nakuambia wewe kwa niaba yake kwa kuwa yeye sikumwambia.

Dawa ipo, ni ile ya wiki nne, na daktari ataangalia nyongo yako kwanza kama ina mawe, kwa sababu hao wakijificha kwenye mawe wanakuwa wagumu kutoa. Baada ya hapo ni vipimo vitatu vya kufuatana. Kwa watu wengi inatosha. Unaweza kwenda Nchiru kesho, ukakaa kwenye kibanda chako ukitafuta wateja huku mtu mwingine anapika, mpaka uwe safi. Unaweza kungoja hapa nyumbani mwezi mmoja na mwingine. Unaweza kunikasirikia ukaenda kupimwa mahali pengine na mtu mwingine, na hilo pia ni haki yako, baada ya chupa zile za uongo. Siwezi kukuamulia. Kitu kimoja tu siwezi kukuachia, ni kupika kabla ya hapo, na kwa hilo ningelala mlangoni unikanyage.

Nani aambiwe, na lini, na kwa maneno gani, hayo ni yako. Ireri hajui. Shangazi zako hawajui. Kazini nimeandika namba tu, jina sikuandika. Mama yako hajui, na kumwambia ya mwili wako si kazi yangu.

Lakini yangu mimi ni kazi yangu. Nawasikia mnashuka kwenye pikipiki huko langoni, na mama yako anacheka. Bila shaka ameipata hiyo sufuria kwa bei yake. Nitakupa bahasha hii mkononi, na nitakwenda kukaa kule juu kwenye kahawa. Ukimaliza kusoma njoo unichukue, hata kama umekasirika, njoo tu. Maana nataka leo, kabla giza halijaingia, nimwambie mama yake Nyaga kwamba nilijua miezi minne kabla, na naogopa kwenda kwake peke yangu.

Baba yako,
Njeru